Kisa cha Sista Mary: ubongo uliougua, akili iliyobaki timamu

Mwanamke ambaye maandiko ya kitabibu yanamtaja kwa jina la Sista Mary alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1892, na alifariki akiwa na umri wa miaka 101. Alikuwa mtawa wa Shirika la Masista wa Shule wa Notre Dame, na kazi ya maisha yake ilikuwa ualimu. Miezi michache kabla ya kifo chake alipimwa kumbukumbu, hesabu, lugha na uwezo wa kutambua tarehe na mahali alipo, kwa kipimo ambacho alama zake za juu ni 30, naye akapata 27. Baada ya kufa, ubongo wake, ambao alikuwa ameutoa kwa hiari ili uchunguzwe, ulipelekwa maabara. Ulikutwa na uzito wa gramu 870, ilhali ubongo wa mwanamke mzima kwa kawaida hukaribia gramu 1,200, na ndani yake mlikuwa na wingi wa madoa ya protini na nyuzi zilizosokotana, yaani zile alama mbili ambazo daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani alizieleza mwaka 1906 na ambazo hadi leo ndizo utambulisho wa ugonjwa unaobeba jina lake. Ubongo huo ulikuwa na dalili za ugonjwa wa kusahau, na mwenye ubongo hakuwa mgonjwa wa kusahau.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na aghalabu husimuliwa kwa namna inayokipotosha. Husemwa kwamba Sista Mary aliushinda ugonjwa kwa kuwa alikuwa na moyo mkunjufu, na kwamba anayetaka kutunza kumbukumbu yake uzeeni hana budi kufikiri mema tu. Maelezo hayo yanapendeza masikioni, lakini yana madhara, kwa sababu mzee ambaye tayari ameanza kusahau akiyasikia atahitimisha kwamba ameugua kwa uzembe wa roho yake, na wanawe watahitimisha hivyo hivyo. Ninaamini kisa chenyewe kinafundisha jambo jingine, ambalo ni la kweli zaidi na lina manufaa zaidi: moyo mkunjufu haumkingi mtu na ugonjwa wa ubongo, bali humzuia asijiondoe mapema katika kazi, mazungumzo na watu wanaoifanya akili yake iendelee kutumika. Tofauti kati ya kauli hizo mbili ni kubwa, na ndiyo itakayofuatwa hapa hadi mwisho.

Sista Mary aliingia katika historia ya tiba kupitia utafiti ulioanzishwa mwaka 1986 na David Snowdon, mtaalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyoenea katika jamii, alipokuwa Chuo Kikuu cha Minnesota, kwa kuanzia na masista wazee wa nyumba ya shirika iliyoko mji wa Mankato. Mwaka 1990 utafiti ulihamia Chuo Kikuu cha Kentucky, na kati ya 1991 na 1993 walikuwa wamejiunga masista 678 wa nyumba mbalimbali za Marekani, wenye umri wa kuanzia miaka 75 hadi 102. Kila mmoja alikubali mambo matatu: kupimwa akili na mwili kila baada ya muda, kuruhusu kumbukumbu za maisha yake zilizotunzwa na shirika zisomwe, na kutoa ubongo wake baada ya kufa. Sharti hilo la tatu si jepesi hata kidogo. Wanawake waliokuwa wamekwisha kutoa maisha yao yote kwa nadhiri waliulizwa iwapo wangetoa pia kilichosalia, wakakubali, na maarifa tunayoyajadili hapa yasingepatikana bila ukarimu wao.

Sababu ya kuwachagua watawa inaeleweka kwa urahisi na yeyote anayefahamu maisha ya konventi, yaani nyumba ya watawa. Masista hula chakula cha jiko moja, hulala chini ya paa moja, hutibiwa kwa utaratibu mmoja, hawavuti sigara, na wengi wa shirika hili walifanya kazi moja ya ualimu. Kwa hiyo, sista mmoja anapopoteza kumbukumbu akiwa na miaka 78 na mwenzake anafika 95 akiwa timamu, mtafiti hawezi kusema upesi kwamba mmoja alikuwa tajiri na mwingine maskini, au kwamba mmoja alizaa watoto kumi na mwingine hakuzaa. Ni lazima atafute sababu iliyo ndani zaidi. Sifa hiyo hiyo, bila shaka, ndiyo inayotufanya tuwe waangalifu, kwani mambo yaliyothibitika kwa watawa wa Marekani waliosoma na kutibiwa vizuri hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mkulima mzee wa Rukwa au mvuvi wa Lamu.

Maisha ya Sista Mary yenyewe yanahitaji kuangaliwa kwa karibu, kwa maana hapo ndipo wasimuliaji wengi hupita haraka. Alianza kufundisha akiwa na miaka 19, na elimu aliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa ya darasa la nane tu. Hakuishia hapo. Kwa miaka mingi alifundisha watoto na wakati huohuo akaendelea kujisomea, hata akapata cheti cha sekondari akiwa na umri wa miaka 41, umri ambao wengi wetu huwa tumekwisha kujiambia kwamba shule ni ya watoto. Alifundisha kwa muda wote wa kazi hadi miaka 77, kisha akafundisha kwa muda mfupi mfupi hadi miaka 84. Anayetaka kuujua mtazamo wa mtu huyu juu ya uzee hana haja ya kutafuta maneno aliyoyasema, kwa kuwa mtazamo huo unaonekana katika ratiba yake. Mtu anayeamini kwamba akili huisha miaka sitini ikifika hawezi kuingia darasani akiwa na miaka sabini na sita.

Kabla ya kurudi kwenye ubongo wake ni lazima kutenganisha vitu viwili ambavyo katika nyumba nyingi huchanganywa. Uzee wa kawaida hubadilisha kumbukumbu. Kasi ya kufikiri hupungua. Kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, kama kupika huku ukifuatilia mazungumzo ya simu, huwa kugumu. Jina la mtu unayemfahamu hukutoka na kurudi baada ya nusu saa, ukiwa umekwisha kuachana naye. Bibi humwita mjukuu kwa jina la baba yake, kisha akajirekebisha. Kujifunza jambo jipya huhitaji kurudiwa mara nyingi zaidi kuliko zamani. Lakini msamiati hubaki, na kwa watu wengi huendelea kukua hata baada ya miaka sitini. Ujuzi wa mikono hubaki. Sala, nyimbo na mashairi yaliyokaririwa utotoni hubaki. Na uwezo wa kupima jambo kwa kulinganisha na yaliyopita huweza kuwa bora kuliko wa kijana.

Ugonjwa ni kitu kingine. Mtu hupotea njia aliyoipita kwa miaka thelathini kwenda sokoni. Huuliza swali lile lile mara nne ndani ya saa moja, na kila mara huuliza kana kwamba ni mara ya kwanza. Hushindwa kuhesabu chenji, ilhali alikuwa mfanyabiashara. Huanza kupika pilau aliyoipika maisha yake yote na kusimama katikati bila kujua kinachofuata. Tabia yake hubadilika, akawa mkali au mwenye shaka na watu aliowaamini. Aliyesahau mahali alipoweka miwani yuko ndani ya uzee wa kawaida. Anayeishika miwani mkononi na kutojua ni ya kazi gani anahitaji daktari.

Nikirudi kwa Sista Mary, alama 27 zina jambo ambalo halitajwi vya kutosha, nalo ni zile alama tatu alizozikosa. Mwanamke huyu anayeshangiliwa kama kielelezo cha utimamu alikuwa amepungukiwa, na hakuna sababu ya kudhani kwamba akiwa na miaka 101 alifikiri kwa kasi ya miaka 40. Mzee anayejipima kwa kulinganisha na alivyokuwa kijana hujihukumu kwa kipimo ambacho hata Sista Mary asingekifaulu. Mtazamo mzuri juu ya uzee, kwa maana inayoweza kumsaidia mtu, huanzia hapa: kukubali kwamba kitu kimepungua, bila kukubali kwamba kila kitu kimekwisha.

Sasa ubongo. Madoa yaliyomo katika ubongo wenye ugonjwa wa Alzheimer hutokana na protini iitwayo amiloidi, ambayo hukusanyika nje ya chembe za neva. Nyuzi zilizosokotana hutokana na protini nyingine iitwayo tau, ambayo huharibika ndani ya chembe zenyewe. Kwa kawaida nyuzi hizo huanzia katika eneo la hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kuhifadhi kumbukumbu mpya, kisha husambaa hadi gamba la nje la ubongo, ambako lugha, hesabu, uamuzi na utambuzi wa vitu hufanyika. Katika ubongo wa Sista Mary, nyuzi zilikuwa nyingi katika eneo la hipokampasi lakini chache sana katika gamba la nje, na madoa mengi yaliyokuwa katika gamba hilo yalikuwa ya aina iliyotawanyika, ambayo madhara yake kwa chembe za neva ni madogo kuliko ya aina nyingine. Maelezo haya ni muhimu mno, kwa sababu yanaonyesha kwamba sehemu ya utimamu wake huenda haikutokana na tabia wala elimu, bali na mahali ambapo ugonjwa ulikuwa umefika. Msimulizi anayeliacha jambo hili nje anawanyima wasikilizaji wake nusu ya ukweli.

Nusu nyingine, hata hivyo, ipo. Katika utafiti huohuo walipatikana masista wengine ambao ubongo wao ulikuwa umeharibika kwa kiwango cha juu bila dalili kuonekana walipokuwa hai, na walipatikana pia wengine wenye uharibifu mdogo ambao walikuwa wamepoteza kumbukumbu kabisa. Tofauti hiyo ndiyo iliyowapa wataalamu msukumo wa kuzungumzia akiba ya ubongo, yaani wingi wa njia ambazo neva zimejijengea kwa miaka mingi ya kusoma, kufanya kazi inayohitaji kufikiri na kuzungumza na watu, kiasi kwamba njia moja ikiziba, akili hupitia nyingine. Barabara ya Kilwa ikifungwa, dereva anayezijua njia za mitaani za Temeke atafika mjini, ilhali anayeijua barabara moja tu atakaa kwenye foleni.

Jambo jingine lililobainika katika utafiti huo, mwaka 1997, linahusu mishipa ya damu. Miongoni mwa masista 102 wenye elimu ya chuo ambao ubongo wao ulichunguzwa, 61 walikutwa na uharibifu wa kiwango cha ugonjwa wa Alzheimer. Na ndani ya kundi hilo, wale waliokuwa pia na viharusi vidogo katika sehemu za ndani za ubongo walikuwa na uwezekano mkubwa sana wa kuwa wamepoteza akili walipokuwa hai, kuliko wenzao wenye uharibifu kama huo lakini wasio na viharusi. Madoa na nyuzi peke yake mara nyingi havikutosha kumwangusha mtu, lakini vikiongezewa kiharusi, hata kidogo ambacho hakikumlaza kitandani, mtu aliporomoka. Ningependa jambo hili lifahamike katika kila nyumba yenye mtu wa miaka hamsini anayeacha vidonge vya presha kwa kuwa haumwi kichwa, kwani shinikizo la damu ndilo chanzo kikubwa cha viharusi hivyo, na hali hiyo inatibika katika zahanati ya kawaida.

Hapa ndipo suala la mtazamo linapoingia, na ni lazima liingie kwa utaratibu. Mwaka 1930 mkuu wa masista wa shirika hilo wa Amerika Kaskazini aliagiza kila sista aandike wasifu mfupi wa maisha yake kwenye ukurasa mmoja, na karatasi hizo zikabaki katika makabati ya shirika kwa zaidi ya miaka sitini. Watafiti walizitumia kwa njia mbili. Ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1996, ilipima wingi wa mawazo yaliyobebwa na kila sentensi katika wasifu wa masista 93, ikaonekana kwamba waliokuwa na sentensi zenye mawazo machache wakiwa vijana ndio waliopata ugonjwa wa Alzheimer kwa wingi uzeeni. Ya pili, iliyochapishwa mwaka 2001, ilichukua wasifu wa masista 180, walioandika wakiwa na umri wa wastani wa miaka 22, na kuhesabu sentensi zenye hisia njema: furaha, shukrani, matumaini, upendo. Robo ya masista walioandika sentensi nyingi za aina hiyo waliishi kwa takriban miaka 7 zaidi ya robo walioandika chache kabisa.

Matokeo hayo ya pili ndiyo yanayonukuliwa kila mahali, na ndiyo yanayounganishwa kimakosa na ubongo wa Sista Mary. Yalipima urefu wa maisha. Hayakupima kumbukumbu. Zaidi ya hayo, yalihusu wasichana walioandika mwanzoni mwa utawa wao, na Sista Mary mwaka 1930 alikuwa na miaka 38 na alikuwa amekwisha kufundisha kwa karibu miongo miwili. Kuna pia swali gumu juu ya matokeo ya kwanza, kwamba sentensi yenye mawazo machache inaweza kuwa dalili ya akiba ndogo, au inaweza kuwa alama ya ugonjwa ulioanza kimya kimya miaka hamsini kabla ya kuonekana. Wasifu wenyewe hauwezi kutuambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Ushahidi unaogusa mtazamo na kumbukumbu kwa pamoja uko mahali pengine. Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuwafuatilia Wamarekani 4,765 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa wa kusahau. Walichokipima si uchangamfu wa tabia, bali ni kile ambacho mtu anaamini kuhusu uzee: je, anaamini kwamba kadiri anavyozeeka anazidi kukosa maana, au anaamini kwamba bado anafaa? Miongoni mwa waliorithi aina ya jeni ya APOE inayoongeza hatari ya ugonjwa, asilimia 6.1 ya wenye imani mbaya juu ya uzee walipata ugonjwa huo ndani ya miaka minne, ikilinganishwa na asilimia 2.7 ya wenye imani nzuri. Hata hapa mtu mwaminifu atasema kwamba uhusiano si uthibitisho wa chanzo. Hata hivyo, njia ambayo imani hiyo inaweza kupita hadi mwilini inaeleweka.

Tufikirie mwanamke wa miaka 68, mwanakikundi wa kuweka na kukopa, ambaye katika mkutano mmoja amesahau kiasi alichokopa mwezi uliopita. Kama anaamini kwamba kusahau ni mwanzo wa mwisho, mwezi unaofuata atamtuma binti yake. Mwezi wa tatu ataacha kwenda kwenye jumuiya ndogo ndogo au madrasa ya akina mama, kwa kuogopa kutajwa kusoma mbele ya wenzake. Simu atawaachia wajukuu, kwa kuwa hapendi kuonekana anatafuta jina kwenye orodha. Hakuna daktari aliyemwambia ni mgonjwa, lakini ndani ya mwaka mmoja ameacha hesabu, mazungumzo, kusoma, kutembea na kukutana na watu, yaani amejipunguzia mwenyewe kila kitu kinachojenga ile akiba. Mwanamke mwingine wa umri huohuo, aliyesahau kiasi hichohicho, anaanza kuandika kwenye daftari na anaendelea kuhudhuria. Ugonjwa ukija, unaweza kuwajia wote wawili. Lakini utamkuta wa kwanza peke yake ndani, na wa pili akiwa na daftari na wenzake.

Hofu yenyewe pia huiba kumbukumbu. Imeonekana katika majaribio kwamba wazee wakiambiwa kuwa wanapimwa kumbukumbu, na wakikumbushwa kwamba wazee husahau, hufanya vibaya kuliko wakipewa kazi ileile bila maneno hayo. Utani wa nyumbani wa kumwambia mama kila anapotafuta funguo kwamba «ndiyo uzee huo» si mwepesi kama tunavyodhani.

Hata hivyo, kumtaka mzee awe mchangamfu kwa amri ni ukatili. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa wazee mara nyingi hujitokeza kama kusahau, kukosa hamu ya kula na kukaa kimya, na mtu aliye katika hali hiyo hawezi kuelekezwa afikirie mema, kama vile mwenye malaria asivyoweza kuelekezwa apunguze homa. Anahitaji matibabu, na akitibiwa kumbukumbu yake huweza kurudi kwa kiwango cha kushangaza. Walikuwemo katika utafiti wa Snowdon masista wa sala, wenye upendo na shukrani, ambao walipoteza kumbukumbu zao zote. Kuwahesabu hao kuwa walikosa moyo ni kuwadhulumu.

Sehemu ya kisa hiki inayonigusa zaidi haimo maabara, imo katika mpangilio wa nyumba ya watawa. Katika konventi sista hastaafu kuwa sista. Akiacha darasa kwa sababu ya umri hupewa wajibu mwingine: kuandika barua, kuwaombea watu waliotuma maombi yao, kusaidia jikoni au kwenye maktaba, kumsomea mwenzake asiyeona. Hula mezani na wengine mara tatu kwa siku. Anajulikana jina, na asipoonekana kwenye sala ya asubuhi mtu huenda kubisha mlango wake. Sista Mary alizeeka ndani ya mpangilio huo, na kumsifia kwa moyo wake bila kuutaja mpangilio ulioubeba moyo huo ni kumsimulia kana kwamba aliishi peke yake.

Nyumba zetu zina methali isemayo kwamba penye wazee hapaharibiki neno, na tunaitamka kwa fahari. Lakini tutazame kinachotokea mama anapoletwa mjini kutoka kijijini baada ya kufiwa na mumewe. Huko alikuwa na shamba, kuku, majirani na kanisa au msikiti aliokwenda kwa miguu. Hapa anapewa kiti kizuri sebuleni na televisheni, na kila akiinua ufagio huambiwa, «Mama, pumzika, umeshafanya kazi sana.» Maneno hayo yanatoka kwenye upendo wa kweli. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyekuwa anaamua mambo ishirini kwa siku sasa haamui hata moja, na baada ya miezi kadhaa wanawe wanasema mama amezeeka ghafla. Kumheshimu mzee kwa kumnyang'anya kazi zote ni heshima inayomdhoofisha. Afadhali aachwe achambue mchele, amfundishe mjukuu kusuka mkeka au kuhesabu, asimamie bajeti ya mboga, aulizwe ushauri na ushauri wake ufuatwe.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa wa kusahau ni wa Ulaya na Marekani tu. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima kati ya 2009 na 2010 watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na baada ya kurekebisha hesabu kulingana na umri walikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa huo. Kutokana na kazi hiyo kilitengenezwa kipimo kinachowafaa watu ambao hawakupata shule: mzee huulizwa ni siku gani ya wiki, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani, hutaja wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja, hupanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa, na hukumbuka orodha ya maneno aliyosomewa. Njiti zimechukua nafasi ya kalamu, kwa kuwa si haki kumhesabu mtu mgonjwa kwa sababu ameshindwa kuchora kwa kalamu ambayo hajawahi kuishika. Pale ambapo jamii haifahamu kwamba huu ni ugonjwa, mzee anayetangatanga usiku au anayezungumza na waliokufa huweza kuhisiwa uchawi, na wanawake wazee ndio hulipa gharama ya ujinga huo.

Mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau na yanayoweza kubadilishwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya visa duniani. Mengi yanaweza kushughulikiwa bila hospitali kubwa: shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe, upweke, kutofanya mazoezi, kutosikia vizuri na kutoona vizuri. Masikio yanastahili kutajwa kwa mkazo, kwa sababu mzee asiyesikia hujibu kisichoulizwa na kuonekana amechanganyikiwa, kisha huacha mazungumzo, na wakati mwingine kinachomzuia ni nta tu iliyojaa sikioni.

Anayempeleka mzazi wake kliniki kwa sababu ya kusahau na afuatane na mtu anayeishi naye kila siku, kwa maana mtoto anayemwona wakati wa sikukuu hawezi kueleza mabadiliko. Abebe dawa zote anazotumia mzee, pamoja na zile za mafua, za mzio na za usingizi zilizonunuliwa dukani bila cheti, kwani baadhi yake huvuruga kumbukumbu za wazee kwa kiwango cha kufanana na ugonjwa wenyewe. Aseme mambo yalianza lini, kwa mifano halisi: siku alipopotea, siku alipoacha sufuria motoni. Aombe vipimo vya damu vya tezi la shingo, vitamini B12, sukari na maambukizi, kwa kuwa hizo ni sababu zinazotibika. Na mzee mwenyewe awepo chumbani, aulizwe yeye kwanza, na apewe muda wa kujibu.